Ndiyo ya Mgeni

Katika mambo ambayo Mama Rhoda hakujaliwa kuyaficha, la kwanza lilikuwa mkwe. Tangu Jumapili ile binti yake alipoulizwa mbele ya watu na kujibu ndiyo, mtaa mzima wa Ngokolo ulikuwa umeshaambiwa, kuanzia bombani mpaka mashine ya kusaga, kwamba Rhoda anaolewa na daktari. Ni daktari wa nini, mama hakusema. Aliona maelezo yangepunguza utamu.

Ndiyo maana Jumamosi hii, saa nne asubuhi, mshenga hata hajafika, uani palikuwa na sufuria tatu mekoni, viti vya kuazima vya nyumba nne, na jirani yao Mwanaima aliyekuja na goti lake.

"Ataliangalia saa ngapi?" Mwanaima aliuliza, mguu ameunyoosha juu ya kigoda kama mzigo wa kuuzwa.

"Mwache mgeni apumzike kwanza," alisema Mama Rhoda.

"Nimesikia ni bingwa."

"Bingwa wa maadili," alisema Rhoda. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo na hakuinua uso.

Mwanaima alifikiri kidogo. "Maadili ndiyo yanauma wapi?"

Shangazi Mageni, dada wa marehemu baba yake Rhoda, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Alikuwa amefika jana kutoka Samuye na jogoo mmoja mwekundu, na jogoo huyo sasa alikuwa anatokota mbele yake. "Huyu mkwe hatibu mtu, dada. Ni mwanafalsafa. Anafundisha watu kufikiri."

"Kufikiri?"

"Kufikiri. Na chuo kikuu kinamlipa."

"Loo! Mimi nafikiri tangu nizaliwe, sijaona hata senti."

"Ni kwa sababu wewe unafikiria watu. Yeye anafikiria kufikiri." Shangazi aliokota mwiko, akaufuta kwa upindo wa kitenge. "Halafu Mhaya. Mhaya na elimu, mwanangu, ni kama mtoto na kiatu kipya. Lazima atembee mpaka utazame chini."

Siku nyingine Rhoda angecheka kuliko wote. Yeye ndiye aliyekuwa anamtania Eustace hivyo hivyo, uso kwa uso, na Eustace alikuwa anavua miwani na kuipangusa, akicheka kama mtu anayelipishwa faini anayoipenda. Leo hakucheka. Kwenye mkoba wake ndani, chini ya vitenge vya biashara, kulikuwa na karatasi arobaini zilizobanwa pembeni, na ndani ya karatasi hizo kulikuwa na mwanamume ambaye hakuwa na hakika kama anamjua.

Makala ilikuwa imefika Jumatano, imetumwa kwa basi. Juu yake Eustace alikuwa amebandika kikaratasi cha njano chenye mwandiko wake wa kulalia upande mmoja: *Kwa sauti yangu ya Kisukuma.* Usiku wa Jumatano Rhoda alilala na kikaratasi hicho chini ya mto, jambo ambalo angemcheka mwanamke mwingine yeyote kwa kulifanya. Alhamisi akasoma makala. Tangu hapo kikaratasi kilikuwa kwenye kopo la taka, na usingizi sijui ulikuwa wapi.

Yeye na Eustace walikutana Mwabagole, kijiji cha wachimbaji kule ng'ambo ya Geita mjini, mahali ambapo Rhoda alikuwa anapeleka vitenge kila siku ya mnada. Wataalamu walikuwa wamekuja kupima zebaki. Akina mama wa pale ndio wanaochenjua dhahabu, mikono mitupu ndani ya beseni, na wataalamu walitaka kukata kishungi cha nywele za kila mmoja wakapime sumu imeingia kiasi gani. Kazi ya Dokta Eustace haikuwa kukata. Yeye alikuja kutafiti kama mwanamke anayeambiwa mambo ya sayansi kwa lugha isiyo yake, akisema nimekubali, huwa amekubali kweli. Alikuwa hajui hata salamu ya Kisukuma. Wakamtafutia mkalimani, na mkalimani akawa muuza vitenge mwenye mdomo.

Miezi mitatu. Siku moja mvua iliwakuta kwenye banda la karasha, mashine ya kusagia mawe imezimwa, vumbi la mawe limegeuka uji, na Eustace alimvika koti lake, akasimama pale shati limemganda mwilini, akauliza kwa unyenyekevu kabisa, "Rhoda, hivi neno linaweza kudanganya wakati aliyelisema ni mkweli?" Rhoda alicheka mpaka akashika nguzo. Mtu analowa kama kuku na swali lake ndilo hilo! Lakini usiku ule, peke yake, aligundua kwamba katika wanaume wote waliowahi kumpa koti, hakuna aliyewahi kumpa na swali. Basi, akawa ameisha.

Na swali lile lile ndilo lililowafikisha hapa.

Bibi yake Rhoda, mzaa baba, alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeivunja nyumbani kwake. Mgeni akishanawa mikono hakataliwi kitu. Kama una neno gumu la kumwambia, mwambie akiwa bado mlangoni, amesimama, ana njaa yake. Akishakula chakula chako, wewe ni mwenyeji, na mwenyeji kazi yake ni kusema ndiyo mpaka mgeni aondoke. Mwabagole waliishi hivyo hivyo. Kila nyumba waliyoingia, kabla ya fomu walipewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na kikombe cha maziwa mgando. Eustace aliipenda michembe. Aliila kwa furaha ya kweli, akaomba ya kuongeza, akasifu, akajipangusa. Halafu akafungua fomu. Akina mama wakasema ndiyo. Ndiyo kwa nywele, ndiyo kwa picha, ndiyo kwa majina kuandikwa, dole gumba kwenye wino. Wakishatoka nje walimvuta Rhoda pembeni na kumwuliza jambo moja tu: "Mgeni wetu ameridhika?"

Mama Januari, mmoja wa akina mama hao, alikuwa amewafuata mpaka barabarani. Kisogoni palikuwa na upara mdogo pale kishungi kilipokatwa, na alikuwa anatabasamu kama mtu anayeomba chumvi. Aliomba nywele zake. Kwao nywele zikikatwa zinafukiwa, hazilali mikononi mwa mtu usiyemjua, na yeye tangu jana hakuwa amelala.

Rhoda alimwambia Eustace ndani ya gari. Eustace alikuwa anaandika.

"Alisaini, Rhoda."

"Alikuwa ameshakupa chakula."

"Hiyo ni adabu. Mimi natafiti ridhaa."

"Ungemwuliza kabla hujala. Ungeona."

Hapo ndipo alipoinua uso, akamtazama kwa macho yale mazuri, akamgusa bega. "Wewe ni mkalimani mzuri kuliko wote niliowahi kupata. Maneno niletee wewe. Maana niachie mimi."

Akacheka. Na Rhoda naye akacheka. Kicheko hicho cha kwake ndicho alichokuwa hajajisamehe mpaka leo.

Wiki mbili baadaye Eustace alikuja hapa Ngokolo kusalimia, akala, akaongezwa, akala tena, na sahani ya pili ikiwa mapajani, shangazi kushoto, mama kulia, majirani dirishani, akamwuliza Rhoda kama atakubali kuwa mke wake. Rhoda akasema ndiyo.

*

Walifika saa sita kasoro. Eustace alitangulia kwa suti ya kahawia iliyomkaa vizuri kiasi cha kumkasirisha mtu. Nyuma yake alikuja mjomba wake, Mzee Bartholomeo, mshenga, kofia mkononi na pua hewani, anafuata harufu ya jogoo.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba! Marahaba, daktari! Karibu, karibuni!" Mama Rhoda alipaza hilo neno daktari mpaka likaruka ukuta. "Habari za safari?"

"Njema, mama. Hapa?"

"Hapa tuko na wagonjwa wetu tu," alidakia Mwanaima, na goti likasogezwa mbele.

Eustace alilitazama. "Mama, samahani, mimi si daktari wa hospitali."

"Najua, ni wa maadili. Liangalie tu."

Na yule mtu mzima na suti yake akachuchumaa vumbini, akaliangalia goti la Mwanaima kwa makini, kana kwamba limeandikwa. Rhoda, amesimama mlangoni, aliuhisi moyo wake unafanya ujinga wake wa kawaida. Ni kama hivi alivyokaa siku nzima Mwabagole amempakata mtoto wa watu ili mama yake aongee akiwa ametulia. Mtu kama huyu unamchukiaje?

"Limevimba," alisema Eustace hatimaye.

"Hilo hata mbuzi anajua," alisema Mwanaima, akalirudisha goti lake kwa dharau.

Eustace aliinuka akacheka, na macho yake yakamtafuta Rhoda. Yalipompata yalitulia pale muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. "Umesoma?" aliuliza kwa midomo tu, bila sauti.

Rhoda akaitikia kwa kichwa. Eustace aling'aa. Masikini, aling'aa kabisa.

Wageni walikalishwa sebuleni. Watu walijaa mpaka kwenye mkono wa kochi. Mama Rhoda akapiga makofi mawili: "Haya, mwanangu, wanawishe wageni, chakula kisije kikapoa. Maneno ya wakubwa yanakwenda vizuri tumbo likiwa na kitu."

Rhoda alichukua jagi la maji ya uvuguvugu na beseni. Alimpita Mzee Bartholomeo aliyekuwa ameshakunja mikono ya shati, akasimama mbele ya Eustace. Eustace alinyoosha mikono juu ya beseni, viganja vimefunguka, na kwenye kidole cha kati kulikuwa na doa la wino ambalo Rhoda alikuwa analijua kama anavyojua chapa ya ng'ombe wa kwao.

Hakumimina.

"Rhoda," mama alisema. "Maji."

"Kabla hujanawa, Dokta," alisema Rhoda, "nina neno."

Eustace alicheka kidogo, mikono bado hewani. "Tangu lini naitwa Dokta na wewe?"

"Tangu niitwe mkalimani wa eneo husika. Ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani. Hata jina sina."

"Huo ni utaratibu wa jarida tu. Majina..."

"Mwenye gari jina lake lipo."

Mtu mmoja dirishani aliguna. Eustace aliinama mbele, akapunguza sauti. "Si hapa, Rhoda. Tuzungumze pembeni."

"Wewe uliniuliza wapi? Haikuwa hapa hapa, kwenye kiti hicho hicho, na sahani ya pili mapajani?"

"We Rhoda!" Mama alisimama. "Una wazimu? Mgeni kanyoosha mikono, wewe unamhesabia sahani?"

"Ngoja kwanza, wifi," alisema Shangazi Mageni. Alikuwa ameacha kucheka. "Mwache aseme."

Rhoda aliweka beseni kwenye nyonga ya kushoto kama mtoto, jagi kalishika kulia. "Ukurasa wa kumi na saba. Nimeusoma mpaka nimeukariri. 'Wanawake wote sitini na wawili walikubali kwa hiari, jambo linaloonyesha kwamba katika fikra za jamii hii kuikataa sayansi hakuna hata nafasi.' Wote! Dokta, umewahi kuona wapi wanawake sitini na wawili wakakubaliana, hata kama jua limetoka?"

"Takwimu ndivyo zilivyosema."

"Takwimu zilisema karibu mgeni, kula michembe. Wewe ukasikia sayansi."

Mwanaima akapiga kofi paja, akasahau ni la mguu mbovu.

Eustace aliivua miwani kwa mkono mmoja, akakosa pa kuiweka, akairudisha. Alipozungumza tena ilikuwa ile sauti yake ya darasani, laini, yenye subira inayotukana. "Rhoda, sikiliza. Kuna tofauti kati ya kile mtu anachokusudia kwa tamko na mazingira ya kijamii ya tamko lenyewe. Ni suala gumu kidogo. Sitegemei mtu ambaye hajasomea..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

"Malizia," alisema Rhoda.

"Sikuwa na maana hiyo."

"Maana si ni ya kwako? Uliniambia mimi nilete maneno tu. Haya, nimekuletea. Hajasomea nini? Mimi nimesimama sokoni miaka tisa. Mwanamke akiniambia kitenge chako kizuri nitarudi jioni, najua harudi. Akiniambia kibaya, punguza, najua ndiye mnunuzi. Sijaandika kurasa arobaini. Wewe umesoma mpaka ng'ambo, vitabu vimekupofua macho, na hujui kwamba mtu aliyekupa chakula chake hawezi kukwambia hapana. Hilo Ngokolo analijua hata mlevi!"

"Kwetu Bukoba..." alianza Mzee Bartholomeo.

"Mjomba, tafadhali," alisema Eustace.

"Nilikuwa nataka kusema hata kwetu ni hivyo hivyo," alisema mzee, akayatazama maji kwa huzuni.

Eustace alikuwa amewiva uso. Mikono yake ilikuwa bado juu ya beseni la hewa, hakujua aishushe au aiache, na alifanana na mtu anayeomba dua ambayo ameisahau katikati.

"Makala imeshakubaliwa," alisema kwa ukavu. "Inatoka mwezi wa sita."

"Imekubaliwa na nani? Nao uliwatembelea ukala kwanza?"

Sebule ililipuka. Hata Mama Rhoda aliziba mdomo kwa kanga, halafu akakumbuka ni mkwe wake anayechekwa, akaanza kulia. "Jogoo amechinjwa! Watu wameitwa! Rhoda, unataka nife kwa aibu? Mwanamume msomi, mpole, hanywi, anakutaka wewe muuza vitambaa, unamsomesha kama mtoto!"

"Mama, huyu mwanamume sijui kama nilimkubali!"

Maneno hayo yalimtoka kwa nguvu kuliko alivyokuwa amepanga. Kicheko kikafa. Rhoda alimtazama Eustace, na safari hii dharau ilipungua machoni pake pakabaki kitu kingine, na hicho kilimwumiza Eustace kuliko dharau.

"Unasema hukuwahi kunipenda?" aliuliza polepole.

"Sijui! Ndicho kinachoniudhi. Nilikuwa najua. Siku ile ya mvua nilijua, ungeniuliza pale kwenye karasha ningekujibu na jibu lingekuwa langu. Lakini hukuniuliza. Umekuja hapa, ukala chakula cha mama, ukanisubirisha mpaka nyumba imejaa, ukauliza. Nikasema ndiyo. Tangu Alhamisi naitafuta ndiyo yangu, Eustace, na kila nikiigusa naikuta imekaa foleni na zile sitini na mbili, zimevaa nguo moja. Sijui ipi ni ya mwenyeji na ipi ni yangu. Wewe msomi wa ridhaa, niambie. Mimi nimeshindwa."

"Unalinganisha mapenzi yetu na dodoso?"

"Aliyelinganisha ni wewe. Wote umetuuliza ukiwa umeshiba."

Shangazi Mageni aliuweka mwiko mezani, taratibu, kama hakimu anayeweka kalamu. "Siku ile alikuuliza ameshakula?"

"Ameshakula, shangazi. Na wewe ulikuwepo, ulimwongeza paja."

"Ni kweli, nilimwongeza mimi mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Basi, wifi, usilie. Huyu kijana hajauliza bado."

"Hajauliza! Nyumba nzima ilisikia!"

"Ilisikia mgeni anakaribishwa. Wewe si wa kwetu, wifi, lakini umekaa kwetu miaka thelathini. Unajua ninachosema."

Mama Rhoda alijua. Alijifuta macho kwa hasira, akakaa.

Eustace aliishusha mikono. Mikavu. Aliitazama kwa muda, halafu akasimama, na suti ile nzuri ikaonekana ghafla imeazimwa.

"Sijanawa," alisema. "Tangu asubuhi sijala kitu, nilikuwa na hofu. Nikiuliza sasa hivi, utajibu?"

Rhoda alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa maneno makubwa, hata kwa matusi ya kisomi. Hakujiandaa kwa mtu mwenye njaa aliyesimama. "Uliza."

"Rhoda Ngassa, utakubali nikuoe?"

Angeweza kusema ndiyo. Hapo hapo, ingekuwa ya kweli au karibu na kweli, na jogoo angeliwa wa moto. Lakini akawaona wale akina mama mlangoni mwao, wanafunga kanga, wanauliza kama mgeni ameridhika. Akaliona tabasamu la Mama Januari.

"Hapana," alisema.

Nje, mfuniko wa sufuria ulikuwa unagonga gonga kwa mvuke.

Mkono wa Eustace ulipanda wenyewe mpaka mfuko wa ndani wa koti, ukatoka na kalamu. Ilikuwa mazoea tu, miaka kumi na mitano ya mtu kuambiwa jambo na kuliandika. Rhoda aliiona.

"Unaandika?"

Eustace aliitazama kalamu kama mtu aliyekutwa na kisu asichokijua. Aliinyoosha mbele, akaiachia. Ikaanguka ndani ya beseni tupu, ikalia.

"Ni ya kwanza," alisema kwa sauti iliyokauka. "Miezi mitatu na nusu mkoa wenu na ule wa Geita. Ni hapana ya kwanza niliyoambiwa. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, na sikushtuka." "Nilidhani nimependwa sana."

"Nywele za Mama Januari," alisema Eustace, "bado ziko Geita, bahasha namba arobaini na moja."

Rhoda alishtuka. "Unakumbuka namba?"

"Nilikumbuka hata siku ile kwenye gari. Niliiandika ili niisahau." Alimgeukia Mama Rhoda, akainama. "Mama, niwie radhi. Naomba ruhusa. Mjomba, wewe kaa."

Akatoka. Hakupiga mlango, hakugeuka. Rhoda alisikia viatu vyake kwenye kokoto, halafu geti, halafu mtaa ukammeza. Miguu yake mwenyewe ilitaka kwenda. Aliizuia pale pale, jagi limejaa mkononi, maji yanapoa.

*

"Mimi nimetumwa," alisema Mzee Bartholomeo baada ya heshima kidogo kupita. "Sijakataliwa mimi." Akanyoosha mikono yake, na mwanamke mmoja akamhurumia akamletea maji mengine.

Watu wakala, maana chakula hakina kosa. Mama Rhoda alipakua huku analalamika kila kijiko. Atawaambia nini watu bombani? Atapita wapi kwenda mashineni? Daktari mzima! Rhoda alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, hakugusa kitu. Alikuwa amesema kweli mbele ya watu na kweli ilikuwa imemwacha na tumbo tupu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndivyo inavyokuwa.

Mwanaima alikuwa ametoweka. Alirudi baada ya saa nzima, juu ya bodaboda, akashuka kabla haijasimama, akaingia uani mbio.

"Jamani! Mkwe yuko stendi!"

"Anarudi kwao," alilia Mama Rhoda.

"Kwao wapi! Amepanda gari la Geita. Nimemwona kwa macho yangu haya. Kondakta kampa maji ya chupa, kakataa. Nikamuuliza kupitia dirishani, baba, unakwenda wapi? Akasema anakwenda kurudisha nywele za watu. Akasema atagonga milango sitini na miwili na hatakalia kiti hata kimoja. Halafu akaanza kumwuliza bibi aliyekaa naye, ati kwa Kisukuma mtu akisimama mlangoni anaombaje msamaha. Yule bibi anamfundisha, gari zima linamsaidia, matamshi yake ni msiba mtupu!"

Shangazi Mageni alijishika mbavu. Rhoda aliuficha uso magotini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama ni kilio au nini.

"Wewe Mwanaima," alisema Mama Rhoda ghafla, "umetoka hapa mpaka stendi. Umekimbia uani. Goti?"

Mwanaima alisimama. Akalikunja. Akalikunjua. "Halisemi kitu," alisema kwa mshangao.

"Si niliwaambia!" Mama Rhoda alipiga makofi, machozi bado mashavuni. "Si niliwaambia ni daktari!"

Ndani, Mzee Bartholomeo alikuwa amefika chini ya bakuli. Vidole vyake vilizunguka mchuzi, vikaikuta firigisi, ile moja ya jogoo wa Samuye ambayo hapewi mtu yeyote ila yule aliyechinjiwa. Alikuwa ameshaiinua nusu ya njia.

Rhoda alifika kabla ya mdomo. Aliichukua vidoleni mwa mzee bila hata samahani, akaiweka kwenye kibakuli, akakifunika.

"Hiyo ina mwenyewe, mzee wangu."

"Mwenyewe nani?" mama aliruka. "Si umemkataa mbele za watu?"

Rhoda hakujibu. Alikiweka kibakuli juu kabisa kabatini. Halafu akalichukua lile jagi la maji ambalo halikumiminwa, akalitua chini kando ya mlango wa mbele, upande wa ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama nje angeliona lakini asingelifikia.

"Akirudi," alisema, "mtu yeyote asimpe hata maji mpaka aniulize."